Plasta Isiyo na Harufu

Mwezi wa nane pale Yeongyang, nchi ya Wakorea, jua hushuka bondeni asubuhi na mapema likakaa humo mchana kutwa, na wakulima wa pilipili hawalalamiki, maana ndilo linalowalisha. Shambani watu hujifunika kofia pana na vitambaa, sawa. Lakini mtu aliyetoka mjini kwenye basi lenye kiyoyozi hana sababu ya kujifunga skafu ya hariri na kuikaza mpaka chini ya kidevu. Migyeong alishuka kituoni hivyo. Mama yake, Cho Malsun, ambaye alikuwa pale tangu basi la kabla ya hilo, alitazama skafu, akatazama uso, akapokea sanduku na kusema, "Umekonda."

"Na wewe unachechemea," Migyeong akajibu.

"Uzee huo."

Wakaishia hapo, wakapanda njia ya shambani kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Migyeong alikuwa mtoto wa pekee wa Malsun, amepita hamsini, anauza miwani mjini Daegu. Ndoa ilishamshinda zamani, na kijana wake yuko jeshini akitumikia muda wake kama vijana wote wa nchi ile. Kila mwaka wakati wa mavuno alikuja siku mbili, akachuma pilipili, akalalamika mgongo, akaondoka na gunia la unga mwekundu. Safari hii alisema amepewa likizo ya mwezi mzima. Duka gani la miwani linampa mtu likizo ya mwezi mzima? Malsun hakuuliza. Aliweka swali lile moyoni, na moyo wake haukuwa mahali pa kuhifadhia maswali; ukiliweka jioni, asubuhi limezaa.

Sababu ya moyo huo ilikuwapo. Mume wa Malsun alipougua tumbo, miaka kadhaa nyuma, Migyeong na daktari walikula njama. Wao walijua ni kansa, Malsun hakujua. Waliona wamwonee huruma, asihangaike bure. Kwa hiyo Malsun aliendelea kumpikia mumewe mchuzi mkali, na alipousukuma pembeni akamgombeza kwamba siku hizi anadeka. Alimgombeza msimu mzima. Alipoambiwa ukweli, mgonjwa alikuwa hawezi tena kumjibu wala kumsamehe. Malsun alilia msibani, lakini machozi yale nusu yake yalikuwa hasira, na hasira hiyo mpaka leo ilikuwa hai. Jambo moja tu alilitaka katika maisha yaliyobaki: asiwe tena mtu wa mwisho kujua.

Na tuseme kweli, yeye mwenyewe hakuwa malaika. Masika yale aliteleza kwenye ukingo wa shamba akapasua goti juu ya jiwe. Jirani yake Pilnam, mama wa Sangho, alimpakia kwenye tela la trekta lake dogo la kushikwa kwa mikono, akampeleka zahanati wakamshona. Malsun alimlisha Pilnam yamini kwamba Migyeong hatajua. Vilevile aliposikia binti anakuja kukaa mwezi, alivichukua vidonge vyake vya presha, vilivyokuwa vikikaa hadharani juu ya friji, akavifukia ndani ya pipa la mchele. Hayo yake hakuyahesabu kuwa siri. Aliyaita kutomsumbua mtoto.

Siku ya tatu walikaa na Pilnam chini ya banda la nailoni wakichambua pilipili. Migyeong alikuwa ndani, anaoga. Alioga sana tangu aje, na mlango aliufunga kwa komeo.

"Mama Migyeong, mimi nakwambia huyo ana bwana," Pilnam alisema. Alikuwa na uso wa mviringo na mdomo usiopumzika. "Shingo hiyo imeng'atwa. Mwanamke hafungi skafu kwenye joto hili ila ana alama ya mapenzi."

"Mapenzi gani ya kung'atana mwezi mzima?"

"Ya watu wazima. Vijana wanamaliza haraka."

"Mama Sangho, chambua pilipili."

"Nachambua kwa mikono, mdomo hauna kazi. Au kajichora tatuu. Dada mmoja kule sokoni kajichora joka."

Malsun alicheka, na moyoni aliomba iwe kweli. Bwana angempokea kwa mikono miwili, hata akiwa na meno ya dhahabu. Joka pia angelizoea. Lakini mtu mwenye bwana hapungui mashavu, wala haamki asubuhi akameza kidonge kabla ya chai huku amempa mama yake mgongo. Malsun alikuwa amekiona kidonge hicho. Alimwona pia usiku wa kuamkia jana, mlango wa karatasi ukiwa wazi kidogo, binti amekaa mbele ya kioo bila skafu. Taa ilikuwa hafifu. Alichokiona ni kitu chembamba kinachong'aa chini ya koo, kisha mkono ukakifunika.

"Si umwulize tu?" Pilnam alisema.

"Nikimwuliza atasema hakuna kitu. Halafu nitakuwa nimeshamwonyesha kwamba najua, atajificha zaidi. Yule ni bingwa, mimi namjua."

"Kajifunza wapi?"

Malsun alitupa pilipili iliyooza nje ya banda.

Akaamua kutumia akili. Kesho yake alitangaza kwamba watakwenda bafu la umma kwenye mji wa karibu, kama zamani, wasuguane migongo. Hapo alimtega vizuri, kwa maana binti wa Kikorea kumkatalia mama yake kusuguana migongo ni karibu sawa na kukataa chakula chake. Na bafuni hakuna anayeingia na skafu, wala na nguo.

"Mama, nina mafua kidogo," Migyeong alisema. "Siku nyingine."

Malsun alikunja uso kama mtu aliyeumia, na aliumia kweli. Dakika iliyofuata akakumbuka goti lake. Bafuni yeye naye angeingia bila suruali, na kovu lile jekundu lililopinda lingeonekana na kila mtu mpaka mwuza sabuni. Alikuwa amesahau kabisa. Akashusha pumzi, akasema, "Basi, siku nyingine," na wote wawili wakanywa maji yao ya shayiri kwa furaha isiyoeleweka.

Kovu lenyewe lilikuwa linamsumbua. Lilikuwa limeinuka, gumu, na linawasha hasa jioni. Pilnam alimshauri asubiri. Malsun hakuwa mtu wa kusubiri. Alikuwa mkulima wa pilipili, na kwake kitu chochote kibichi kilikuwa na tiba moja. Kila mchana, watu wakilala, alikwenda nyuma ya ghala, akapandisha suruali yake ya maua, akaliweka goti juani likauke. Alifanya hivyo kwa bidii tangu mwezi wa sita. Kovu halikukauka. Liligeuka kutoka wekundu likaelekea rangi ya kahawia, na yeye akalihesabu hilo kuwa maendeleo.

Sasa sikia lililotokea. Siku moja Migyeong alikwenda dukani kununua chumvi, na Malsun akaingia bafuni kufua vitambaa. Nyuma ya mswaki palikuwa na kijisanduku cha plastiki kisicho na kifuniko, na ndani yake utepe laini unaopitisha nuru, urefu wa kidole, umelazwa upande wa gundi ukiwa juu, umeoshwa na bado una matone ya maji. Aliugusa. Ukamnata kidoleni. Aliunusa, hauna harufu. Akauvuta, ukavutika kidogo ukarudi.

Katika nyumba za wazee wa kule hakuna kitu kinachopendwa kama plasta za maumivu. Mgongo, bega, kifundo, kila penye kuuma pana plasta inayonuka dawa ya mafua, na mzee akisalimiwa jambo la kwanza kunusika ni hiyo. Malsun alikuwa nazo droo nzima. Kwa hiyo alipokiona kitu chembamba chenye gundi, akili yake haikwenda mbali. Plasta ya kisasa, alijisemea, ya watu wa mjini, imetolewa harufu ili wasiaibike ofisini. Kumbe shingo tu inamwuma mtoto wa watu, kwa kuinamia miwani mchana kutwa. Alipata nafuu kubwa hata akacheka peke yake. Lakini kicheko kilipoisha udadisi ulikuwa palepale: plasta za maumivu hubandikwa nyuma ya shingo, na yeye alikiona kitu kile mbele, chini ya koo. Halafu nani anaosha plasta? Plasta ikitumika hutupwa.

Njia ya kujua dawa ni kuijaribu. Akapandisha suruali, akaibandika juu ya kovu la goti. Ilikaa vizuri, baridi. Akasikia mlango wa uani, akateremsha suruali upesi, akaenda kupokea chumvi.

Jioni ile goti halikuwasha.

Malsun alilitikisa, akalipapasa juu ya nguo, akalisubiri. Kimya. Miezi yote hii aliyoshughulika na kovu hilo, hakuna kilicholituliza hata kwa saa moja, na sasa kiutepe kisicho na harufu kimelinyamazisha. Angetamani kumwuliza Migyeong ni kitu gani hicho na kinauzwa wapi. Lakini angeulizaje bila kusema amekiiba?

Wakati huohuo Migyeong alikuwa anatafuta. Alitafuta bafuni, akaja akatafuta kwenye kapu la nguo, akatikisa taulo, akapiga magoti akachungulia chini ya mashine ya kufulia. Malsun alikaa barazani anamenya kitunguu saumu, anamwangalia kwa umakini ambao si wa mtu anayemenya kitunguu saumu.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Hereni."

"Hereni zako zote mbili ziko masikioni."

Migyeong alizishika. "Nyingine," alisema.

"Za rangi gani?"

"Hazina rangi."

"Basi hizo kazi ipo."

Hapo Malsun akaanza kuunganisha mambo. Hakuna mtu anayehangaika hivyo kwa ajili ya plasta ya maumivu. Mtu angesema, mama, umeona plasta yangu? Angesema hivyo mara moja, kwa sauti. Kitu kinachotafutwa kimyakimya ni kitu cha ugonjwa unaofichwa. Na aliyekuwa anatafuta alikuwa yuleyule aliyeketi kando ya baba yake msimu mzima akitabasamu, "Baba yu mzima, mama, tumbo tu." Malsun alimenya kitunguu kilekile mpaka kikabaki hakuna kitu. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na hasira ndani yake.

Usiku hakulala vizuri. Alifikiri kukiondoa kile kiutepe na kukirudisha, yaishe. Hakukiondoa. Alijiambia kwamba akirudisha, hatajua chochote mpaka siku ya mwisho, kama kwa mumewe.

Asubuhi walivuna. Pilipili za mchumo wa pili ndizo nzuri kuliko zote, nyekundu mpaka ndani, ganda limeshiba. Walizimwaga kwenye turubali uani, na Migyeong, akitoka jasho chini ya skafu, akaanza kuzitandaza juani.

"Wewe, ngoja," Malsun alisema. "Wavu kwanza."

Alivuta ule wavu mweusi wa kivuli kutoka ghalani, wakaushika kila mmoja upande wake, wakafunika.

"Si tunazikausha?" Migyeong aliuliza. "Miaka yote huwa nakuta zimeshaanikwa. Mbona sasa tunazifunika?"

"Hizi zimetoka mtini leo. Ngozi yake bado haijazoea. Ukiipiga jua kali sasa hivi, inaungua, inapata mabaka meupe, na baka likishaingia huliondoi tena, hata ufanye nini. Kwanza unazikalisha kivulini zisinyae pole pole. Zikishatulia, hapo ndiyo jua."

Migyeong alisimama na ncha ya wavu mkononi. Alionekana kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

"Ngozi mpya haipigwi jua," alisema.

"Ndivyo ninavyosema."

"Na likishaingia halitoki."

"Migyeong, unasomea kitu?"

Binti alitabasamu, lakini mkono wake ulikwenda shingoni, ukaikaza skafu, na Malsun aliona jasho likichuruzika mpaka kifuani na vipele vya joto vimeanza pembeni ya hariri. Mtoto wake alikuwa anaiva. Huruma ikamshinda nguvu. Akaitupa ncha yake ya wavu, akakaa kwenye ukingo wa baraza, akapandisha suruali ya maua mpaka juu ya goti.

"Ndicho unachotafuta?"

Migyeong alikitazama kiutepe kikiwa kimebandikwa gotini. Kwanza alicheka, kicheko cha ghafla kilichomtoka puani. "Mama. Umekibandika gotini?"

"Nilidhani ni plasta ya maumivu. Haina harufu."

"Si ya maumivu, mama. Ni silikoni. Ni ya..." Alikuwa ameinama karibu zaidi. Kiutepe kilikuwa kinapitisha nuru, na chini yake kulikuwa na mstari mnene, wa kahawia, wenye alama za nyuzi pande zote mbili. Kicheko kilimwisha usoni. "Ni nini hiki?"

"Nani kakuuliza wewe? Mimi ndiye nimeuliza kwanza."

"Mama, umeshonwa. Lini?"

"Masika. Niliteleza tu. Wewe shingoni una nini?"

"Nani alikupeleka?"

"Pilnam, kwa trekta. Shingoni una nini, Migyeong?"

Migyeong alikaa chini pale pale kwenye turubali, kando ya pilipili. Alifungua fundo la skafu, na kwa vile lilikuwa limelowa jasho lilimchukua muda. Ilipoanguka, Malsun aliona mstari uliolala chini ya koo, kutoka upande hadi upande, mwembamba, wa waridi, umekaa kwenye mkunjo wa ngozi kana kwamba ni mkufu.

"Ni kansa ya kitezi cha shingo," Migyeong alisema. "Walinikata mwezi wa tano. Wamekitoa chote. Nakunywa kidonge asubuhi kwa sababu kitezi hakipo tena, kazi yake inafanywa na kidonge."

"Unakufa?"

"Sifi, mama."

"Usinidanganye. Ulinidanganya kwa baba yako. Nilimgombeza mgonjwa, Migyeong. Mpaka leo nasikia sauti yangu inamgombeza. Kama unakufa niambie sasa hivi hapa, nijue namna ya kukaa na wewe."

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye goti lililo wazi. Migyeong alisogea akamshika vifundo vya miguu.

"Sifi. Nakuapia kwa baba. Daktari amesema imetoka yote. Mwezi wa kumi wananipima tena. Nilikuja hapa nipumzike, na nilitaka kukwambia tangu siku ya kwanza. Nikikutazama nakumbuka msiba ulivyokuwa, ulivyokataa kula. Kila asubuhi nikasema kesho."

Malsun alipangusa pua kwa kiganja cha glovu, akakumbuka glovu ina pilipili, akapiga chafya mfululizo. Ilimchukua muda kutulia. Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, swali la pili halikuwa la kansa.

"Na hii silikoni inafanya nini? Jana lilikuwa linawasha, nilipobandika likanyamaza."

Migyeong alipenga kamasi akacheka tena. "Inalifunika kovu lisipoteze maji. Likikaa na unyevu wake linatulia, halivimbi, haliwashi. Unaivaa mchana na usiku, miezi, unaitoa kuiosha kwa sabuni tu. Unaiacha ikauke yenyewe, halafu unabandika tena mpaka gundi iishe."

"Kumbe ndiyo maana uliiosha."

"Ndiyo. Na inapitisha jua, haizuii kitu, ndiyo maana nafunga skafu, na chini napaka krimu ya jua. Kovu jipya likipigwa jua linashika rangi." Akalitazama tena goti. "Mama. Hili lako mbona limekuwa kahawia hivi? Umevaa suruali kila siku."

Malsun alitazama pilipili.

"Mama."

"Nilikuwa nalianika."

"Unalianika?"

"Nyuma ya ghala. Mchana. Likauke."

Migyeong aliutazama wavu mweusi, akazitazama pilipili chini yake, kisha mama yake. "Pilipili umezifunika kivulini zisiungue," alisema pole pole. "Goti lako mwenyewe umelipeleka juani. Tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Maskini goti."

"Pilipili zina bei," Malsun alisema. "Goti nani atanunua?" Lakini aliona aibu, kwa sababu maisha yake yote hakuna pilipili aliyowahi kuitendea vibaya namna ile. Alilifunika goti kwa kiganja. Halafu akanyoosha mkono mwingine kuelekea shingo ya bintiye, maana kovu lile hakuwahi kuligusa na alitaka kuligusa, kulijua kwa vidole kama anavyojua ganda lililokauka na lisilokauka.

Migyeong aliruka nyuma.

Mkono wa Malsun ukabaki hewani. Basi hata sasa, alifikiri, hata sasa bado ananificha.

"Mikono, mama," Migyeong alisema. "Umechuma pilipili tangu alfajiri. Ukinigusa hapo nitapiga kelele mpaka Daegu."

Malsun aliivua glovu, akavitazama vidole vyake vyekundu. Alisimama, akaenda jikoni. Alijipaka mafuta ya ufuta mpaka kwenye viwiko, akasugua kila kidole, akaosha kwa sabuni, akaosha kwa maji ya mchele, akarudia sabuni. Alionja ncha ya kidole kwa ulimi kuhakikisha. Kisha akarudi, akapiga magoti kwa shida juu ya goti lake bovu, na Migyeong akainua kidevu.

Lilikuwa laini. Alitarajia ugumu kama wa lake, hakuukuta. Alipitisha kidole toka upande mmoja hadi wa pili taratibu sana, akarudi.

"Wapi walikukata, Daegu?"

"Daegu."

"Nani alilala nawe hospitali?"

Swali hilo Migyeong hakulitarajia. Kule kwao mgonjwa halali wodini peke yake; pembeni ya kitanda pana kitanda kidogo cha chini, na hapo hulala mtu wake. "Kijana yuko jeshini," alisema. "Nilimlipa mama mmoja, wapo wanaofanya kazi hiyo. Alikuwa mwema."

"Alikupikia uji?"

"Alininunulia."

Malsun aliendelea kugusa. Kansa aliisikia, na alishukuru imetoka. Lakini kile kitanda kidogo cha chini, na mwanamke mgeni aliyelala juu yake kwa malipo wakati yeye yupo huku anapanda miche, hicho ndicho kilichomuumiza kuliko vyote.

"Mwezi wa kumi nalala mimi," alisema.

"Mama, mwezi wa kumi hawanilazi, ni kupima damu tu, asubuhi naondoka."

"Nitalala nyumbani kwako, tutaamka pamoja. Pilipili zitakuwa zimeshauzwa."

"Na goti?"

"Goti nalo litakuja. Lifunike na hiki kitu chako."

"Hicho kimeshakuwa chako. Nitaagiza kingine, kesho kutwa kitafika."

Pilnam alipita jioni na mahindi ya kuchemsha, akamkuta Migyeong shingo wazi barazani, kivulini. Alilitazama kovu kwa uchungu wa kweli, akasikiliza habari yote, akamshika mikono. Kisha akamgeukia Malsun.

"Kwa hiyo hakuna bwana?"

"Hakuna."

"Wala joka?"

"Mama Sangho, weka mahindi uende."

Jumapili walikwenda bafu la umma. Migyeong aliondoa silikoni, akaihifadhi kwenye kijisanduku chake, na Malsun akafanya vivyo hivyo, kwa maana tayari alikuwa na kijisanduku chake. Ndani mvuke ulikuwa mwingi, wanawake wamekaa kwenye vigoda wanasuguana na kusengenya. Watu wawili watatu waliwatazama makovu yao, wakaendelea na maisha yao. Malsun alivaa kitambaa cha kusugulia mkononi, akamkalisha bintiye mbele yake kama alipokuwa mdogo, akamsugua mgongo mpaka ukawa mwekundu.

"Kuna kingine?" aliuliza.

"Kipi?"

"Kingine ulichonificha. Sema sasa, mgongo uko mikononi mwangu."

"Hakuna, mama. Kweli hakuna."

Malsun alisugua. Alimwamini. Kisha, alipofika mabegani, ilimjia kwamba yeye hajaulizwa. Angeweza kunyamaza. Binti hakuuliza, na mambo madogo madogo si lazima mtoto ajue. Mkono wake ulipunguza mwendo, ukasimama.

"Nina presha," alisema. "Tangu mwisho wa mwaka jana. Nakunywa vidonge. Nimevificha kwenye pipa la mchele."

Migyeong hakugeuka. "Najua," alisema. "Niliviona siku ile ile niliyofika, nilipochota mchele wa kupika. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Malsun alichota maji ya moto kwa kata, akammwagia mgongoni pole pole, akaanza kusugua tena.